Baba Anaongea ila Hasikiki

Kila mtaa una watu wake wa kuheshimika. Hao tuwaache wapumzike, hadithi hii haiwahusu. Inamhusu Sabuni, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki barazani kwa fundi cherehani, chini ya kibao alichokiandika kwa mkono wake: DAKTARI WA KOMPYUTA, MAGONJWA YOTE. Jina la Sabuni hakujipa yeye. Alipewa na watu waliowahi kumkamata, wakafungua viganja na kukuta povu.

Udaktari wenyewe ulikuwa hivi. Shingoni alining'iniza flashi, na ndani ya flashi mlikuwa na pleya ya video, programu ya bure kabisa, ambayo waliotengeneza waliiweka mtandaoni ili kila mwenye kuihitaji aichukue bila kudaiwa hata asante. Sabuni aliichukua, hakusema asante, akaanza kuiuza. Kwa mwenye duka aliiita Toleo la Biashara. Kwa mwalimu, Toleo la Wasomi. Kwa waliooana juzi, Toleo la Maharusi, nalo lilikuwa ghali kuliko mengine kwa sababu watu wenye furaha hawaulizi bei. Pleya ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa uso wa mnunuzi.

Alikuwa pia na kanuni ya kazi. Akishaweka pleya, humchezeshea mteja mwanzo tu wa video. Picha ikitembea na sauti ikitoka, mteja hutabasamu, hulipa, na daktari hukumbuka mgonjwa mwingine. Kuangalia video hadi mwisho, alisema Sabuni, ni kazi ya wasio na kazi.

Asubuhi hiyo daktari hakuwa na raha. Fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni, akikipima kwa macho kile kiti cha plastiki.

"Cherehani mpya inakuja mwisho wa mwezi," alisema fundi. "Hapo ulipokaa ndipo itakapokaa."

"Nitahama nikipata pa kwenda."

"Itakuja hata usipopata."

Sabuni akatazama ng'ambo ya barabara. Pale palikuwa na chumba cha kona chenye mlango wa chuma wa kukunja, kimefungwa tangu mwenye nyumba, mzee mmoja mtaratibu, alipofariki. Ndani ya kichwa chake Sabuni alikuwa ameshakihamia zamani. Alikwishaweka kaunta ya kioo, feni, na benchi la wagonjwa. Daktari asiye na zahanati, alijiambia, ni mchuuzi aliyechomekea shati.

Ndipo akaja mtu mnene, mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi. Huyu alikuwa mtoto wa kwanza wa yule marehemu, mwenye mashine ya kusaga nafaka, mtu aliyezoea kumpigia kila mtu kelele kwa sababu ya mashine, na aliyeendelea kupiga kelele hata mashine ikizimwa.

"Wewe ndiye daktari?"

"Inategemea na mgonjwa."

"Ni baba yangu."

"Pole, kaka. Anasumbuliwa na nini?"

"Amekufa. Lakini kwenye kompyuta anaongea, ila hasikiki."

Sabuni akasimama taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Mzee yule yule. Nyumba ile ile, yenye chumba cha kona. Akalinyoosha shati, akachukua begi lake, ambalo ndani mlikuwa na gazeti na soksi, na kumfuata mgonjwa nyumbani.

Sebuleni kompyuta ilikuwa juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa sindano kama kitu kinachoona baridi. Dada mtu alikuwapo, msusi, na kitana kimechomekwa nyweleni tayari kwa lolote. Mama yao alikuwa kwenye kiti kifupi karibu na mlango wa jikoni, sufuria mapajani, akimenya viazi.

"Shikamoo, mama," alisema Sabuni.

"Marahaba. Kanyaga polepole, sakafu imepigwa deki."

Video ikafunguliwa. Mzee alionekana ameketi kwenye kiti cha mikono, shati la kutokea limefungwa vifungo hadi kooni, anaitazama kamera macho makavu. Midomo ilikwenda. Ilikwenda, ikapumzika, ikaenda tena. Baada ya muda akainua kidole, akagusa shavu lake la kulia, akatikisa kichwa kwa uchungu, akaendelea. Sauti hakuna.

"Wosia huo," alisema msagaji. "Baba hakuwa mtu wa kupigwa picha. Na kidole hicho, unaona? Anaonyesha kulia. Mezani mimi ndiye niliyekuwa nikikaa kulia kwake."

"Hiyo ni kulia kwake yeye," alisema msusi. "Kwetu ni kushoto. Kushoto nilikuwa nikikaa mimi."

"Sasa nani anayeonyesha, yeye au wewe?"

"Mara ya mwisho kukaa kwenye hiyo meza ilikuwa lini, kaka? Tuanzie hapo."

Sabuni akamgeukia mama. "Mama, wewe hukumbuki alisema nini?"

"Baba yao huyo hapo," alisema mama, ganda la kiazi likishuka bila kukatika. "Wamuulize mwenyewe."

Wale wawili walikuwa wamejaribu kumuuliza. Msusi aliingia mtandaoni kutafuta dawa, akakuta ukurasa wenye kitufe kinachowaka na kuzimika, kinachoahidi kodeki zote za dunia ndani ya kifurushi kimoja. Akakibonyeza. Tangu siku hiyo kompyuta ilikuwa ikitangaza dawa ya kupunguza tumbo, na mwanamke mmoja alikuwa akijitokeza kuuliza kama kuna mtu hapa anayejisikia mpweke.

"Kila nikimfungua baba, huyo mwanamke ndiye anatokea kwanza," alisema msusi. "Mama anaona."

"Mimi nimeshamzoea," alisema mama.

"Nilisema tununue pleya ya kulipia," alisema msagaji. "Kitu cha bure hakina adabu."

Sabuni akavuta kiti, akakaa mbele yao kama anayetangaza matokeo ya vipimo. "Sikilizeni ndugu zangu. Video ni mzigo. Ukiuacha ulivyo ni mkubwa mno, kwa hiyo kamera inaukandamiza na kuufunga. Kodeki ndiyo inayojua fundo lilivyopigwa, ndiyo inayofungua. Hapa picha imefungwa kwa fundo la kawaida, sauti imefungwa kwa fundo jingine. Pleya iliyokuja na kompyuta hii inajua la kwanza, la pili hailijui. Inawapa picha, sauti inaiacha kwenye gunia."

Hadi hapo hakukuwa na neno la uongo, na inafaa tulikumbuke tukio hilo, maana halikujirudia.

"Na fundo la sauti ya mzee," aliendelea, "ni la kifamilia. Pleya ya kawaida ikiligusa, sauti inakatika moja kwa moja. Linataka Toleo la Warithi. Hilo halifanyiwi nyumbani. Nitachukua nakala nikaifanyie kazi maabara."

"Maabara iko wapi?" aliuliza msagaji.

"Mahali tulivu," alisema Sabuni, akimaanisha baraza la fundi cherehani.

"Si mngemwacha tu alivyo," alisema mama. "Alipokuwa hai mlikuwa mkimtazama bila kumsikiliza. Mmeshazoea."

Wote watatu walikuwa wakiitazama flashi ikimeza nakala ya mzee.

Alipotoka, msusi alimfuata na kumvuta kando ya pipa la maji, chini ya dirisha la jikoni.

"Daktari, sauti ikitoka vibaya je?"

"Vibaya kivipi, dada?"

"Akasahau kunitaja. Mgonjwa husahau. Na mimi ndiye niliyemuuguza."

"Ulimuuguza?"

"Nilikuwa nikipiga simu."

Sabuni akakuna kidevu. Kodeki, alimweleza, zipo zinazofungua tu, na zipo zinazosahihisha. Hizi za pili zinahitaji moyo wa kutoa. Msusi akatoa bahasha inayonukia mafuta ya nywele, akaeleza maneno anayotamani baba yake awe alisema: nyumba ni ya binti, aiuze akipenda.

Hatua chache mbele, msagaji alitoka nyuma ya choo cha uani, akamrudisha Sabuni kwenye pipa lile lile, maana ndipo palipokuwa na kivuli. Naye alikuwa na hofu ile ile, bahasha yake imepakwa unga, na maneno yake yalikuwa tayari: nyumba ni ya mtoto wa kwanza, aiuze akipenda. Dirishani juu yao, kisu cha viazi kilinyamaza kidogo. Kisha kikaendelea.

Sabuni akavuka barabara mwepesi kama aliyetolewa mzigo kichwani. Bahasha mbili kwa kazi ya pleya ya bure. Akafungua kompyuta yake ndogo barazani, akavaa hedifoni, akamchezesha mzee kwa ile pleya ya shingoni, na sauti ikatoka hapo hapo, safi, kama ilivyokuwa imelala humo siku zote.

Sauti yenyewe ilikuwa hii: kokoto, kokoto, kokoto.

Kisha sauti ya mama, kutoka nyuma ya kamera: "Tafuna na upande wa kulia. Fundi wa meno amesema anataka kuona pande zote."

Kokoto, kokoto.

"Yanagonga?"

"Mm."

"Onyesha panapouma, akaone mwenyewe. Wewe kwenda kwake huwezi tena."

Hapo ndipo kilipoinuka kile kidole.

Sabuni akavua hedifoni. Mzee hakuwa akisema neno. Alikuwa akijaribu meno ya bandia kwa biskuti ngumu. Nyumba nzima, kulia na kushoto, bahasha mbili za haraka, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye taya la mtu anayetafuna. Sabuni alicheka mpaka fundi cherehani akachomwa na sindano. Hakusikiliza zaidi, kanuni ni kanuni.

Kesho yake alimkuta mama peke yake, safari hii akipepeta mchele.

"Mama," alisema kwa upole wa kinyozi, "nimeyasikia meno."

Mama akaendelea kupepeta. "Yalikuwa yakimbana kulia. Fundi aliyasawazisha baadaye, yakakaa vizuri."

"Watoto wanadhani ni wosia."

"Sikuwaambia ni wosia. Niliwaambia baba yenu yumo humo. Tangu siku hiyo bati lililokuwa likivuja limegongwa. Nimesukwa nywele kila zikifumuka. Huyu wa mashine analeta unga, anasubiri nikubali kuwa kidole ni chake. Kabla ya hapo, mwanangu, nilikuwa nikiwaona kwenye misiba."

"Wakiyasikia meno je?"

"Wataiuza nyumba, mimi nitakaa kwa zamu. Huku wiki, kule wiki, kama sufuria ya kuazima." Akachagua jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa. "Wewe unataka nini? Maana hukuja kunipa pole."

Sabuni alimpenda papo hapo, kama mtu wa kazi anavyompenda mwenzake. Akasema anachotaka: chumba cha kona, bila kodi. Naye atamtengenezea sauti ambayo marehemu angeona aibu kutoikubali. Nyumba ni ya mama mpaka mwisho wa siku zake, haiuzwi, na atakayeitaja sokoni hana baba.

"Na hizo bahasha za watoto wangu?" aliuliza mama.

"Bahasha gani?"

"Haya. Nilidhani nimeona." Akaupuliza mchele. "Lakini sauti isiwe yako. Wewe ukisema hata salamu inateleza."

"Yupo Kipaza."

Kipaza alikuwa mzee mwenye gari bovu na spika nzuri. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani akitangaza magodoro ya bei nafuu na watoto waliopotea, na alikuwa na sauti ya watu wote: akitaka analia kama mjane, akitaka anakohoa kama mwenye nyumba. Alijua pia kuiweka sauti juu ya picha, kwani matangazo yake ya harusi aliyatengeneza mwenyewe.

"Mlete basi akae na mimi," alisema mama. "Nimweleze marehemu alivyokuwa akivuta maneno. Mtu hajifunzi kwa wewe kumsimulia."

Sabuni akaona ni jambo la busara, na ni kazi inayofanyika bila yeye. Akampeleka Kipaza, akamwacha mezani mbele ya chai na andazi, akarudi barazani kupanga kaunta ya kioo kichwani. Kipaza alikaa kwa mama mchana kutwa. Alikwenda tena kesho yake. Hata fundi cherehani aliona ajabu.

"Kumwiga mtu mmoja kunachukua muda hivyo?"

"Ni msanii," alisema Sabuni. "Wasanii wanapenda chai."

Hatimaye Kipaza alimkabidhi flashi yenye video iliyokamilika. Sabuni akachezesha mwanzo. Mzee akatazama kamera, taya likaenda, na sauti nzito, ya taratibu, inayovuta maneno, ikasema: "Wanangu, mkiniona hapa, mjue sipo." Sabuni akasisimka mikono. Akaifunga video. Picha imetembea, sauti imetoka.

Siku ya kusikiliza ilikuwa Jumapili alasiri. Mapazia yamefunguliwa, kitambaa cha kufuma kimekunjwa pembeni. Msagaji alikuwa ameoga mpaka akaonekana rangi yake. Msusi alivaa hereni za ushindi. Kila mmoja alimkonyeza Sabuni kwa jicho lililo mbali na ndugu yake, na Sabuni aliwajibu wote wawili kwa haki. Pleya ilikuwa imewekwa, yule mwanamke mpweke amefutwa, na Sabuni akabonyeza mausi kama anayekata utepe.

"Wanangu," ilisema sauti, "mkiniona hapa, mjue sipo."

Msusi akalia papo hapo, kwa tahadhari, asiharibu wanja.

"Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka mwisho wa siku zake. Haiuzwi. Atakayeitaja sokoni, asiseme ana baba."

Machozi ya msusi yakakatika kama maji ya bomba. Msagaji akamgeukia Sabuni polepole, shingo yote. Msusi naye akageuka. Kila mmoja alifungua mdomo, akamwona mwenzake, akaufunga. Wangesema nini? Kwamba marehemu amesema tofauti na alivyolipiwa? Sabuni alikuwa amelitegemea hilo, akaanza kuinuka kwa adabu.

"Kaa kwanza, mwanangu," alisema mama. "Hajamaliza."

Sabuni akakaa. Kwa kadiri alivyojua, mzee alikuwa amemaliza. Lakini taya bado lilikuwa likienda, na sauti ikaenda nalo.

"Najua mashine hii itawasumbua," ilisema. "Mtamwita mtu aifungue. Mtu huyo, awe nani, asilipwe. Kumfungua marehemu mdomo ni sadaka. Kama mmempa kitu, akiweke mezani sasa hivi, mbele ya mama yenu."

Mzee kwenye skrini alitafuna, akawatazama mmoja mmoja.

"Umesikia, kijana?" alisema mama.

Hapa ndipo ujanja wa Sabuni ulipogonga ukuta aliojenga yeye. Akisema marehemu anadanganya, itabidi aseme anajuaje. Akisema sauti ni ya Kipaza, itabidi aseme nani alimleta Kipaza. Alitazama mlango; msagaji alikuwa ameujaza. Akaingiza mkono kwenye begi, akaitoa bahasha moja, akaiweka mezani. Mama hakuondoa macho. Akaitoa ya pili.

Moja ilikuwa na unga. Nyingine ilinukia mafuta ya nywele. Kaka na dada waliziangalia zile bahasha, kisha wakaangaliana, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi hawakuwa na la kubishania.

"Huyo aliyefungua," iliendelea sauti, "asiondoke hivi hivi. Ataitunza kompyuta ya mama yenu bure, kila wiki, maisha yote ya mama yenu. Nyinyi wawili mtamsimamia." Mzee akainua kidole, akagusa shavu la kulia. "Na kile chumba cha kona, apewe yule ndugu anayetangaza magodoro. Nilipokuwa kitandani, alikuwa akipita dirishani, akinichangamsha."

Sabuni alitoa sauti ndogo, kama godoro linalokaliwa.

"Umesema?" aliuliza msagaji.

"Nimesema marehemu alikuwa mtu wa maana."

Mwisho wa mwezi cherehani mpya ikaja barazani, na kiti cha plastiki kikahamia chini ya nguzo ya umeme, ambapo kibao hakina pa kuning'inia. Ng'ambo ya barabara mlango wa chuma ulifunguliwa. Kipaza aliweka spika dirishani, na tangazo lake la kwanza halikuwa la magodoro. Kwa sauti nzito, ya taratibu, inayovuta maneno, aliwajulisha wakazi kwamba video isiyotoa sauti inatibika kwa pleya ya bure, waje wawekewe, wasitoe chochote. Wenye maduka walisikia. Mwalimu alisikia. Maharusi walisikia, na ndio waliomtafuta Sabuni kwa bidii zaidi.

Kazi moja tu haikumponyoka. Kila Jumamosi anafuta vumbi kwenye kompyuta ya mama, msagaji akiwa mlangoni upande huu, msusi upande ule akisuka nywele za mama, maana marehemu aliagiza asimamiwe. Wale wawili wakienda jikoni kupakua chakula, mama humwambia Sabuni afungue ile video nyingine, ile ya mwanzo, na apunguze sauti kidogo.

"Mama, hiyo ni kutafuna tu."

"Si ndiyo sauti yake. Kaa. Leo usiikate."

Kokoto, kokoto. Kulia, kushoto, kidole, shavu. Sabuni alikaa, mikono mapajani, akiisubiri ifike mahali ambapo hakuwahi kufika. Mzee akameza. Akapitisha ulimi kwenye meno mapya. Kisha, kwa sauti nyembamba ya haraka, isiyofanana hata kidogo na ya Kipaza, akauliza:

"Watoto wamesema watakuja leo?"

"Wamesema, kama kawaida yao," ilijibu sauti ya mama nyuma ya kamera.

"Basi zima hiyo mashine, ukae. Biskuti zote zetu."